Kiuno si Nyonga: Weka Kidole Panapouma

Katika zahanati zetu hakuna maradhi yanayotajwa kwa wepesi kama kiuno. Mama aliyetoka kubeba ndoo, dereva wa lori, msichana aliye katika siku zake, mzee asiyeweza kuvaa kandambili mpaka ashike ukuta, wote wakikaa mbele ya mganga husema neno hilo hilo. Mganga naye ana foleni mlangoni. Anaandika "maumivu ya kiuno", anatoa dawa ya kutuliza, na kama mashine ipo anaomba picha ya sehemu ya chini ya mgongo. Picha ya mgongo wa mtu wa miaka 65 haikosi dosari: pingili zimelika hapa na pale, na watu wengi wa umri huo wanazo dosari hizo wala hawaumwi chochote. Lakini mzee wa kandambili anaonyeshwa picha, anaambiwa pingili zimesagika, anaanza kutibiwa mgongo. Ugonjwa wake uko nyongani, na nyonga haijapigwa picha wala kuguswa.

Tofauti ya kiuno na nyonga ndiyo inayoamua picha ipigwe wapi, mazoezi yawe yapi, na mara nyingine kama mtu atatembea tena. Basi tuanze na mwili wenyewe.

Simama wima. Weka viganja ubavuni, chini ya mbavu za mwisho, kisha uvishushe taratibu huku ukibonyeza. Utapita kwenye nyama laini, halafu vidole vitagota kwenye ukingo mgumu wa mfupa uliojipinda kutoka nyuma kuja mbele. Eneo hilo laini, kutoka mbavu hadi ukingoni, ndilo kiuno. Ndipo mkanda unapokaa, ndipo shanga zinapovaliwa, ndipo kanga inapofungwa. (Suruali za vijana wa siku hizi zisikupoteze, zile zilishafika nyongani na safari inaendelea.) Upande wa nyuma wa kiuno kuna pingili 5 za uti wa mgongo, diski zilizo katikati yake, neva zinazoteremka miguuni, na misuli minene inayotuzuia tusianguke kifudifudi. Zaidi ya hizo pingili, kiuno hakina mfupa wake.

Ule ukingo ndio mwanzo wa nyonga. Mstari unaounganisha ukingo wa kulia na wa kushoto hukata uti wa mgongo karibu na pingili ya 4 ya kiuno, ndiyo maana mtaalamu wa ganzi hupapasa hapo kabla ya kumchoma mama sindano ya mgongoni kwa ajili ya upasuaji. Mpaka huo hutumiwa hospitalini kila siku.

Ugumu ni kwamba neno nyonga nalo limebeba mizigo miwili. Mkunga akiwa leba akasema nyonga, ana maana ya duara zima la mifupa: mifupa miwili mipana ya pembeni, iliyokutana kwa mbele juu ya sehemu za siri, na kwa nyuma ikashikana na mfupa wa pembetatu ulio juu ya kifandugu. Mtoto hupita katikati ya duara hilo. Daktari wa mifupa akisema nyonga, mara nyingi ana maana ya kiungo, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia kwenye tundu lake na kuzunguka humo mithili ya mchi kinuni. Viungo hivyo ni viwili, kulia na kushoto. Ukiambiwa nyonga yako ina shida, uliza ni duara au ni kiungo. Si utovu wa adabu kuuliza, na matibabu ya moja hayafanani na ya nyingine.

Kiungo chenyewe hakipo pale ambapo wengi hudhani. Ukimwambia mtu ashike nyonga, atapiga kofi ubavuni, juu kidogo ya paja. Kiungo kimejificha ndani sana, nyuma ya kinena, kwenye mkunjo ambapo paja linakutana na tumbo. Kikiharibika, maumivu husikika kinenani, au kwa mbele ya paja, au ndani ya tako. Wagonjwa wengi, wakiombwa waonyeshe, huikamata sehemu yote kwa mkono mmoja: kidole gumba nyuma, vidole vingine mbele, mkono umefanya herufi C. Daktari mzoefu akiuona mkono huo hutega sikio.

Kile kifundo kigumu cha pembeni, unachokilalia ukilala ubavu, ni sehemu ya mfupa wa paja iliyo nje ya kiungo. Kano za misuli ya makalio hujishikiza hapo. Zikichoka, mtu hawezi kulalia upande huo, na kupanda ngazi kunamtesa. Wanawake waliopita miaka 40 hupatwa zaidi. Wengi wao huambiwa nyonga imekwisha, wakaingiwa na hofu ya kisu, kumbe kinachotakiwa ni kuacha kulalia upande unaouma, kuacha kusimama ukiegemea mguu mmoja, na kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya makalio kwa miezi kadhaa.

Kiuno kina tabia yake. Maumivu yake hukaa nyuma, kwenye usawa wa ukingo au juu yake, na huchochewa na kuinama kuchota maji, kukaa garini saa nyingi, kunyanyua gunia. Neva ikibanwa, maumivu huteremka kwenye tako, nyuma ya paja, yakavuka goti hadi unyayoni, yakiambatana na ganzi au hisia ya sisimizi. Shikeni hilo la kuvuka goti. Maumivu ya kiungo cha nyonga mara nyingi hukomea gotini.

Lipo jaribio dogo unaloweza kufanya ukiwa nyumbani. Kaa kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia. Bila kusogeza goti, peleka unyayo kando, mbali na mguu wa pili. Kitendo hicho huuzungusha mchi ndani ya kinu. Linganisha kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake, au kinena kikichoma, kituhumu kiungo cha nyonga kabla ya mgongo. Maisha ya kila siku nayo hutoa ushahidi: mwenye nyonga mbovu hupata taabu kuvaa soksi, kukata kucha za miguu, kupandisha mguu kwenye bodaboda, kuchuchumaa chooni, kukaa mkekani akiwa amekunja miguu. Waumini wengi huanza kuswali wakiwa kwenye kiti na kusema ni magoti, na hakuna aliyewahi kuwakagua nyonga.

Goti ndilo mdanganyifu mkubwa kuliko wote. Kiungo cha nyonga na goti vinagawana neva, kwa hiyo ugonjwa wa juu unaweza kulia chini. Kwa watu wazima hili hupoteza fedha na muda. Kwa watoto hupoteza mguu. Mtoto wa miaka 10 hadi 16, hasa mwenye uzito mkubwa, akianza kuchechemea na kulalamika goti, huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kuteleza kutoka mahali pake. Goti lake likipigwa picha litaonekana zima, atarudishwa shuleni, na kila siku anayotembea mfupa unateleza zaidi. Mzazi, sema waziwazi: "Naomba na nyonga ikaguliwe." Mtoto mdogo mwenye homa, aliyekataa ghafla kukanyagia mguu au anayelia akibadilishwa nguo, huyo asisubiri kesho. Usaha ndani ya kiungo cha nyonga huweza kukila kiungo kwa siku chache.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na selimundu ina kisa na nyonga. Damu inayofika kwenye kichwa cha mfupa wa paja hupita katika mishipa midogo. Seli zenye umbo la mundu zikiiziba, mfupa hukosa damu, hufa, na baadaye hubonyea. Kijana mwenye selimundu ambaye kinena kinamuuma kwa wiki kadhaa asiambiwe ni maumivu yake yale yale ya kawaida. Hatua za mwanzo za ugonjwa huo hazionekani vizuri kwenye eksrei, kwa hiyo picha safi haitoshi kumrudisha nyumbani. Mifupa hiyo hiyo huweza kufa kwa sababu ya unywaji wa pombe kupindukia, na kwa sababu ya vidonge vya steroidi, prednisoloni na deksamethasoni, vikitumiwa muda mrefu bila usimamizi. Hapa sitatafuna maneno: anayenunua deksamethasoni duka la dawa ili anenepe, au ili viungo vilainike, anahatarisha nyonga zake mbili kwa bei ya soda.

Ikithibitika kwamba kiungo cha nyonga kimelika, yapo mambo ya kufanya kabla ya kufikiria upasuaji. Kupunguza uzito ni la kwanza, maana kila hatua unayopiga hukitwika kiungo hicho mzigo unaozidi uzito wa mwili mzima. Mazoezi ya misuli ya paja na makalio, yakielekezwa na mtu wa fiziotherapia, hupunguza maumivu. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa siku chache, ila zikimezwa mwezi baada ya mwezi hutoboa tumbo na kuumiza figo, na mwenye shinikizo la damu azitumie kwa ushauri wa daktari.

Halafu mkongojo. Karibu kila mzee ninayemwona barabarani ameushika upande wa mguu unaouma, kwa sababu akili inasema upande mbovu ndio wa kuegemezwa. Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa pili. Nyonga ya kulia ikiuma, mkongojo uwe mkono wa kushoto, na utangulie pamoja na mguu wa kulia. Unapoinua mguu mzima, misuli ya nyonga inayouma hulazimika kuvuta kwa nguvu ili mwili usilalie upande wa mguu ulioinuliwa, na mvutano huo ndio unaokikandamiza kiungo. Mkongojo ulio upande wa mguu mzima huipunguzia misuli hiyo kazi. Urefu wake uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mikono imening'inia. Nasaha hii haina gharama, na sijui kwa nini haibandikwi kwenye kuta za vituo vya afya.

Yote hayo yakishindikana, kiungo hubadilishwa. Upasuaji wa kisasa wa kubadilisha nyonga ulitokana na kazi ya daktari John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, na leo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na katika hospitali kadhaa kubwa za Kenya. Viungo bandia vilivyo vingi hudumu zaidi ya miaka 15. Gharama ni kubwa, hivyo uliza mapema bima yako inalipia nini.

Kwa kiuno, ushauri ni mfupi. Maumivu mengi ya kiuno hutulia ndani ya wiki chache, na kitanda huyachelewesha. Tembea, fanya kazi nyepesi, usilale siku tatu ukisubiri kupona. Nenda hospitali haraka ukiona ganzi kwenye sehemu inayogusa tandiko la baiskeli, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, au miguu inalegea. Nenda pia kama maumivu yanakuja na homa, jasho la usiku na kukonda, kwani kifua kikuu hushambulia pingili pia. Tena si kila kiuno ni mfupa. Mwanamke mwenye maumivu ya chini ya kiuno yanayoambatana na uchafu ukeni au homa anahitaji kupimwa maambukizi ya via vya uzazi. Anayeumwa ubavuni juu, karibu na mbavu, na kukojoa kwa maumivu, apimwe mkojo. Mchuuzi anayetembea na kipaza sauti akiuza chupa moja ya "mgongo, kiuno na nguvu" hajapima chochote.

Turudi leba, ambako neno nyonga limewatisha wanawake wengi. "Una nyonga nyembamba" ni hukumu ambayo msichana mfupi huweza kutamkiwa kliniki ikiwa mimba haijafika hata miezi sita. Ukweli ni kwamba urefu wa mwili, ukubwa wa kiatu au upana wa makalio haviwezi kutoa jibu la uhakika. Makalio ni misuli na mafuta. Njia ya mtoto iko ndani, na kwa nje haionekani. Zaidi, duara hilo hulegea kidogo wakati wa ujauzito, na kichwa cha mtoto hujikunja na kujigeuza kinapopita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, halipendekezi mama mwenye afya njema apimwe nyonga kama utaratibu wa kawaida anapopokelewa leba. Uchungu wenyewe, ukifuatiliwa vizuri, ndio unaoonyesha kama mtoto anashuka. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyeambiwa ana nyonga pana asijiaminishe akajifungulia nyumbani. Wote wawili mahali pao ni kituoni, penye mtu wa kufuatilia na uwezo wa kufanya upasuaji au kutoa rufaa.

Ule ulegevu wa ujauzito huleta pia maumivu ya duara: mbele kabisa kwenye mfupa wa chini ya tumbo, au nyuma kwenye vishimo viwili vya juu ya makalio. Mama akigeuka kitandani huhisi kana kwamba anachanika. Abane magoti pamoja anapogeuka au anaposhuka kwenye gari, avae nguo za chini akiwa amekaa, na mtoto mkubwa asimbebe upande mmoja.

Na mtoto akishazaliwa, mbeleko ni rafiki wa nyonga. Mtoto aliyebebwa mgongoni akiwa ametanua miguu na kukunja magoti huweka kichwa cha mfupa wa paja katikati ya tundu, na tundu hukua vizuri likikizunguka. Kumfunga mtoto mchanga kwa kanga huku miguu imenyooshwa na kubanwa, eti isiwe na matege, humfanyia kinyume: huongeza uwezekano wa kiungo kuteguka. Mfunike, lakini miguu ibaki na nafasi ya kukunjuka na kukunjika.

Fundi cherehani anaijua tofauti hii bila kusoma tiba. Hupima kiuno kwanza, kisha hushusha futi hadi sehemu pana kuliko zote ya makalio na kuandika namba ya pili, anayoiita hipsi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, jibu likifika 0.90 kwa mwanamume au 0.85 kwa mwanamke, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imepanda. Mafuta ya kiunoni ni mabaya kuliko ya nyongani, kwa hiyo anayesifiwa hipsi asione haya, na mwenye kitambi asijisifu.

Nimeacha mwisho jambo ambalo ningependa lisomwe na kila mwenye mzazi mzee, kwa kuwa hapa kosa la neno linaua. Bibi anateleza bafuni. Anasema kiuno kimemuuma. Familia inampaka dawa ya kuchua, anaitwa fundi wa kuunga mifupa avute mguu, anawekwa kitandani apumzike. Mtazameni miguu akiwa amelala chali: mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo wake umelalia nje, au akishindwa kuinua kisigino kutoka kwenye godoro, shingo ya mfupa wa paja huenda imevunjika. Na hata akiweza kuchechemea, mvunjiko bado unawezekana, kwa kuwa vipande huweza kushikana kwa muda. Mifupa ya mwanamke huanza kupungua nguvu kwa kasi baada ya kukoma hedhi, hivyo si lazima anguko liwe kubwa.

Kinachomwondoa mzee wa aina hii mara nyingi ni kitanda: vidonda vya kulalia, nimonia, damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Upasuaji ukifanywa ndani ya siku 2 na mgonjwa akasimamishwa mapema, nafasi yake ya kuishi ni kubwa zaidi. Msimchue, msimvute. Mpelekeni siku hiyo hiyo akiwa amelazwa kwenye godoro au ubao, mguu umetulizwa kwa mto kila upande. Na mkifika mapokezi, msiseme bibi kaumia kiuno. Semeni kaanguka, hawezi kukanyaga, na mnaomba picha ya nyonga.